Siku Tatu Bi Mkubwa Hakuhama

Hivi wewe, umewahi kuona mtu anamhamishia malisho mbuzi aliyekwisha kufa? Kila asubuhi anang'oa kigingi, anakipigilia mbele kidogo, na mbuzi mwenyewe hayupo? Mimi nimemwona. Ni mjukuu wangu, niliyemlea tangu hajaota meno.

Siku yenyewe nilikuwa jikoni nachambua mchele. Mpangaji wangu akaingia na viatu vyake, hajanisalimia, yeye ambaye shikamoo yake huwa inatangulia mlangoni. Akatupa mezani kamba iliyolowa, maji yakachuruzika mpaka kwenye ungo wangu.

"Bibi, hii kamba unaijua?"

"Nisiijue vipi? Kamba yangu ya kuanikia nguo hiyo! Tazama, na kibanio changu bado kimeng'ang'ania. Miezi miwili nawanunia majirani bure. Umeitoa wapi?"

"Chini ya maji. Upande huu ilifungiwa jiwe. Upande huu, hiki."

Akatoa mkobani kitu cha rangi ya machungwa, ukubwa wa chupa ya chai, juu kina waya mwembamba kama sharubu. Nikakijua. Kilikuwa kifaa cha Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa alikuwa nguva. Si yule wa hadithi mwenye nywele ndefu; nguva mnyama, mzito kuliko watu watano, anayekula majani chini ya bahari taratibu kama ng'ombe. Mpangaji wangu, wenyeji wakimwita Dada Nguva, alikuja kuwachunguza. Huyo mmoja walimfunga kifaa mkiani, kikawa kinaelea nyuma yake na kueleza alipo, na kwenye kompyuta inatokea alama nyekundu. Mjukuu wangu Fundi ndiye aliyeendesha boti ya kituo chao cha utafiti na kutengeneza injini zake. Kila asubuhi Fundi ndiye aliyeanza, na utani wao ulikuwa ule ule:

"Bi Mkubwa ameamkaje?"

"Mzima. Kaniuliza habari zako."

"Mwambie namsalimia, ila asinionee wivu."

Wanacheka, nami najifanya sisikii, kumbe moyoni nishashona nguo ya harusi. Lakini Fundi hakutamka neno. Injini anaisemesha kutwa nzima, mtu anamshinda.

"Nilikwenda na boti ya wakaguzi nimpige picha Bi Mkubwa, ya kuonyesha kwenye mkutano Jumatatu," Dada Nguva akaniambia. "Nikaifuata alama. Nikakuta kamba. Bibi, Fundi aliumwa homa lini?"

"Mwezi uliopita. Alianguka Jumanne, akainuka Ijumaa. Uji nilimnywesha kwa kijiko, mwanaume mzima."

Akafungua kompyuta juu ya mchele wangu.

"Jumanne, hapa. Jumatano, hapa. Alhamisi, hapa hapa. Siku tatu Bi Mkubwa hakuhama. Nikaandika kwenye ripoti kwamba anapumzika. Nikafurahi, nikasema huenda ana mimba."

Ndipo nilipoelewa: alama ilisimama siku zile zile Fundi alipolala na homa. Nilikuwa nimemchongea mjukuu wangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Fundi akaingia, mikono imejaa grisi.

"Bibi, chai ipo?"

Akaiona kamba. Akasimama kama aliyepigiliwa misumari.

"Amekufa lini?" Dada Nguva akauliza.

"Kaa kwanza."

"Nimekuuliza amekufa lini!"

"Tarehe nne. Mwezi juzi."

"Wapi?"

"Kwenye mkondo, nyuma ya mnara wa taa. Kulikuwa na wavu umetelekezwa. Alishindwa kupanda juu kupumua. Nilipofika alishapoa. Nikamkata kwenye wavu, nikamvuta mpaka mchangani, nikamzika. Nilimfunika na turubai la boti."

"Uliniambia turubai limepeperushwa na upepo."

"Ndiyo."

"Halafu kila asubuhi, 'Bi Mkubwa ameamkaje?' Unaniuliza mimi! Ulikuwa unanicheka?"

"Sijawahi kukucheka hata siku moja."

"Jumatatu wakubwa wanapiga marufuku nyavu. Wapi? Pale ulipoweka jiwe lako! Na kule mkondoni wengine wataendelea kufa, kwa sahihi yangu! Kwa nini, Fundi?"

"Mradi ni wa yule mmoja. Kifaa kikinyamaza mwezi mzima, wanafunga. Wanakuhamisha."

Dada Nguva akamtazama. Hasira ilikuwa imepungua, kuna kitu kingine kimebaki usoni.

"Kwa hiyo ni kwa ajili ya mradi tu?"

Fundi akaanza kufuta grisi kwenye kidole gumba, akafuta, akafuta. Mimi nilitamani nimkopeshe ulimi.

"Mradi tu," akasema.

Dada Nguva akatikisa kichwa, akachukua simu, akaandika huku anasoma kwa sauti ili tusikie:

"Alama zote tangu tarehe nne si za nguva. Amekufa mkondoni, wavuni. Kosa la kutohakiki ni langu. Naomba ramani ifutwe, na mkondo ndio ufungwe."

Kabla hajatuma, Fundi akanyoosha mkono kuomba simu. Akaandika chini, akaiachia skrini alama ya grisi:

"Kifaa nilikihamisha mimi, dereva wa boti. Yeye hakujua."

Majibu yakaja kesho yake. Mradi umefungwa. Dada Nguva anahamishwa, Fundi kazi hana. Mkondo utajadiliwa Jumatatu.

Jumamosi asubuhi gari la kituo likaja. Fundi alibeba mizigo yote ya Dada Nguva, hakuacha mtu aguse. Akaifunga juu ya gari kwa ile kamba yangu ya kuanikia. Sikuidai.

"Shikamoo, Bibi," Dada Nguva akasema, kama vile ndio kwanza anafika.

"Marahaba, mwanangu."

Kwa Fundi alinyoosha mkono tu. Wakashikana, wakaachana. Gari likakata kona.

Mjukuu wangu akabaki uani, simu mkononi, chini ya waya mtupu niliokuwa nimeufunga badala ya kamba.

"Piga," nikamwambia.

"Nimwambie nini, Bibi?"

"Unajua mwenyewe. Piga, kabla sijakupiga mimi."

Akapiga. Simu yake ilikuwa mbovu, haisikiki ila kwa spika, basi na mimi nikasikia.

"Haloo?"

"Ni mimi."

"Najua. Nimesahau nini?"

"Hujasahau kitu. Nilitaka ubaki. Si kwa ajili ya nguva. Nilitaka ubaki na mimi, uwe mke wangu. Ndiyo hilo tu."

Nikasikia gari linabadilisha gia, linapanda mlima.

"Tarehe nne," akasema. "Tarehe nne ungenijia na kile kifaa mkononi, ukasema hivyo hivyo, ningelia, halafu ningebaki. Kila asubuhi nilikuwa nangoja, Fundi. Nilitaka uniombe."