Siku Mama Alipopepeta Mbegu za Ua

Asubuhi nyumbani kwetu huanza na fagio. Mama mkwe hufagia uwanja. Mimi hufua. Mume wangu ni fundi baiskeli. Yeye hunywa chai amesimama, huku akitafuta spana ambayo ameishika mkononi. Akishaondoka, mimi huketi kibarazani kwenye cherehani yangu.

Lakini kabla ya kushika fagio, mama hupitia ukutani. Miaka ile palikuwa na ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Ndani yake lilikuwa ua la amarilisi.

"Umeamkaje, bwana?" mama aliliuliza kila siku.

Nilipoolewa nilikuwa nacheka chinichini. Baadaye niliacha kucheka. Ua hilo aliletewa na marehemu baba mkwe wakati wa uchumba. Alileta tunguu tu, amelifunga kwenye gazeti.

"Nikadhani kaniletea kitunguu," mama hutusimulia. "Nikaanza kumenya. Kisu ninacho mkononi. Akapiga kelele: Wee! Hilo si la mchuzi, hilo ni sumu! Nikamwambia, kijana, ndiyo posa gani hii ya kuniletea sumu?"

Hapo hucheka mpaka anajifuta machozi. Kila mwaka ua lilichanua. Maua yake ni makubwa, yana umbo la tarumbeta. Lile la kwetu lilikuwa jekundu, na kila petali ina mstari mweupe katikati. Baba mkwe alipofariki, mama alibaki na mazoea ya kulisalimia.

Basi mwaka mmoja majani yakalegea. Yakawa ya njano, kisha yakalala. Shina la maua lilikuwa limeshatoka, lina vichwa viwili vimefumba, lakini limeinama. Mama hakula chakula cha mchana siku hiyo.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu naye anataka kuniacha."

Sikungoja. Nikamwita jirani yetu, Dada Miche. Jina hilo amepewa na mtaa, maana anafanya kazi kwenye kitalu cha miche. Ni mwanamke mwenye sauti kubwa na kucha zenye udongo siku zote. Alifika, akapiga magoti, akalibonyeza tunguu kwa kidole. Kidole kikazama.

"Mama, unamwagia maji mara ngapi?"

"Kila asubuhi. Simnyimi."

"Na udongo huu wote juu yake?"

"Namwongezea. Asipate baridi."

Dada Miche akashusha pumzi. "Mama yangu, tunguu la amarilisi halizikwi lote. Shingo na mabega hukaa nje. Na maji unampa udongo ukishakauka juu. Ukimpa kila siku, anaoza."

Mama akashika kiuno. "Kwa hiyo nimemzamisha mwenyewe."

"Hukujua, mama."

"Nimemzamisha," mama akarudia. Akakaa kwenye kizingiti.

Dada Miche alilifukua tunguu. Akakata sehemu iliyooza kwa kisu safi, akapaka majivu kwenye kidonda. Akalipanda tena kwenye udongo wenye mchanga mwingi, mabega yakiwa nje, na shina akaliegemeza kwenye fimbo. Kisha akanawa mikono kwa sabuni na kukisugua kile kisu.

"Sitakudanganya, mama," akasema. "Limeoza hadi moyoni. Mwaka huu litachanua. Mwakani sidhani."

"Na halina vitoto pembeni?"

"Halina. Lakini kuna njia nyingine. Tutafute mbegu."

Mama akamtazama kama anataniwa. "Miaka yote hii sijaona hata mbegu moja."

"Kwa sababu hakuna aliyelichavusha. Ngoja lifunguke. Nitakuja na mchumba."

Siku nne baadaye maua yalifunguka. Asubuhi yake umande ulipokauka, Dada Miche alikuja na ua jeupe la amarilisi kutoka kitaluni. Mimi nikaleta kijiti chenye pamba, kile cha masikio.

"Tazama hizi nyuzi sita," akasema. "Vichwani zina unga wa njano. Huo unga ndio chavua. Sasa ona huu uzi mrefu kuliko zote. Ncha yake imegawanyika pande tatu, na inanata. Unaichukua chavua ya ua jeupe kwa pamba, unaipaka hapo. Kesho asubuhi unarudia."

"Kwa nini isiwe ya hili hili letu?"

"Mara nyingi ua hili hushindwa kujizalisha lenyewe. Likipata chavua ya mwenzake, mbegu huja vizuri. Ila nakwambia mapema, mama. Watoto hawatafanana na baba sawasawa. Wana wazazi wawili."

Mama akafikiri. "Hata huyu fundi baiskeli sikumwagiza afanane na mtu. Nipe kijiti."

Akapaka mwenyewe. Mkono wake ulitetemeka.

"Usiogope," Dada Miche akamwambia. "Hata mikono ya bwana arusi hutetemeka."

Wiki moja ikapita. Maua yakanyauka. Nyuma ya kila ua pakavimba kitu cha kijani, na kila siku kikazidi kunenepa. Mume wangu akakiona.

"Haya majipu nini? Niyakate?"

"Ukiyagusa, hulali humu ndani," mama akamjibu.

Nilikutana na Dada Miche njiani siku moja. Akanieleza vizuri kabisa. "Vifuko vikiwa vya njano na kuanza kupasuka, kusanyeni siku hiyohiyo. Mbegu zake ni nyeusi, bapa, nyepesi kama karatasi iliyoungua. Mwambie mama."

"Nitamwambia," nikasema.

Sikumwambia. Nasema ukweli wangu wote hapa. Nilikuwa na sare za shule kumi na nane za kushona. Nilifika nyumbani, nikakaa kwenye cherehani, na maneno ya Dada Miche yakapotea kwenye kelele za mashine.

Ikafika kama wiki ya sita. Siku hiyo palikuwa na upepo. Nilikuwa nimefua shuka mbili nyeupe, nikazianika zikiwa bado zinachuruzika maji. Beseni la maji safi ya kusuuzia nililiacha chini ya kamba. Nikarudi kwenye sare zangu. Nikamsikia mama upande wa pili anapuliza: pfuu, pfuu. Nikafikiri anapepeta mchele. Mama ni bingwa wa kupepeta. Majirani humletea nyungo zao.

Mara akaniita. "Mkwe wangu, tumepata hasara. Vifuko vyote viwili ni makapi matupu. Nimepepeta, nimepuliza, hakuna hata punje moja."

Nikasimama. Mguu wangu ukatoka kwenye mashine wenyewe.

"Makapi ya namna gani, mama?"

"Meusi. Kama vipande vya gazeti lililoungua."

Jamani! Nikaenda mbio. Ungo ulikuwa mtupu, umepepetwa safi kama kawaida yake.

"Mama," nikasema, "hayo ndiyo yalikuwa mbegu."

Akautazama ungo. Halafu akautazama upepo, yaani akatazama kule ulikoelekea. Pembeni ya ukuta, tunguu lilikuwa limeshakuwa uji. Lile shina lilikuwa limesimama kwa msaada wa fimbo tu.

"Kwanza nimemzamisha," akasema polepole. "Leo nimempuliza. Kwa mdomo wangu huu."

"Mama, kosa ni langu. Niliambiwa nikuambie. Nikasahau."

Alinishika mkono, lakini alikuwa analia. Sijawahi kujichukia kama saa ile. Nikapiga magoti, nikaanza kutafuta kwenye mchanga. Nikapata majivu ya jiko. Nikapata ganda la yai. Mbegu sikuona.

Nikainua kichwa, nikaona shuka zangu. Zilikuwa na madoa meusi. Nikasonya. Nguo nimezisugua tangu kupambazuka, nani tena kazichafua? Nikaenda na hasira zangu hadi kwenye kamba. Nikanyoosha kidole nitoe doa. Doa likabaki kidoleni. Lilikuwa bapa, jepesi, limeganda kwa unyevu.

"Mama!" nikapiga ukelele. "Mama, njoo! Ziko hapa! Zimenasa kwenye shuka!"

Alikuja mbio kama msichana. Kumbe upepo ulikuwa umezipeleka zote upande wa kamba, na shuka mbichi zikazidaka. Tukazibandua moja moja. Halafu mama akainama kwenye beseni, akashika mdomo. Nyingine zilikuwa zinaelea humo.

Mume wangu alirudi akatukuta tumekumbatiana mbele ya shuka. Akauliza nani kafa. Tukacheka mpaka tukakaa chini. Nilicheka kwa raha ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Dada Miche alikuja jioni ile kabla jua halijazama. Aliposikia habari ya ungo na beseni, alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Wee mama wewe! Umefanya kazi nusu tayari." Akachukua mbegu moja, akaielekeza kwenye mwanga. "Ona hapa katikati. Kuna kijinundu kama ufuta. Hii ina uhai. Na hii nyingine haina kitu, ni karatasi tu. Hiyo ndiyo makapi kweli."

Tulichambua zote. Zenye uhai zilikuwa ishirini na tatu.

"Zisikae zikakauka siku nyingi, zinachoka," akasema. "Tia maji safi kwenye bakuli, zielee juu. Weka dirishani penye mwanga, lakini jua kali lisizipige. Badilisha maji kila baada ya siku mbili au tatu."

"Kumbe beseni langu lilikuwa linajua," nikasema.

"Beseni lako lina akili kuliko wewe," mama akanijibu. Nikajua amenisamehe.

Baada ya wiki mbili mizizi midogo myeupe ilianza kutoka. Tukazihamishia kwenye makopo yaliyotobolewa chini, udongo laini wenye mchanga, mizizi chini, mbegu juu juu tu. Kila moja ikatoa jani moja jembamba. Ukiona utasema ni nyasi. Na mume wangu alisema hivyo hivyo, tena mkono umeshafika kwenye kopo.

"Toa mkono!" mama akamwambia. "Unamng'oa mdogo wako!"

Tangu siku hiyo kila kopo lina kitambaa chekundu. Nakishona mimi.

Miche kumi na minne ilikua. Mama aliimwagilia baada ya kuugusa udongo kwa kidole. Akikuta unyevu, anarudisha kopo la maji jikoni, na ananionyesha kidole kama ushahidi. Mwaka wa kwanza ilikuwa majani tu. Mwaka wa pili matunguu yakafikia ukubwa wa limau. Tukayahamishia kwenye ndoo, mabega nje. Nilianza kufa moyo. Mama hakufa moyo.

"Mimi nilimngoja baba yake fundi miaka miwili na nusu," akasema. "Huyu nitamngoja mitatu."

Akangoja karibu minne. Asubuhi moja nikasikia fagio limeanguka. Nikatoka na povu mikononi. Shina moja lilikuwa limefungua ua. Lilikuwa jekundu, siyo jekundu lile lile, hili limepauka kidogo kuelekea rangi ya waridi. Lakini katikati ya kila petali palikuwa na mstari mweupe, mpana kuliko wa zamani.

Mama alisimama akalitazama muda mrefu. Nilisubiri kwa wasiwasi. Kama lisingekuwa na mstari, ningesema nini?

"Rangi kachukua kwa akina Dada Miche," akasema mwishowe. "Lakini uso ni wake." Akapitisha kidole kwenye mstari mweupe. "Umeamkaje, bwana? Umechelewa."

Kisha akaniambia nimletee kijiti cha pamba. Ndoo ya tatu nayo ilikuwa imefunguka, ua la rangi ya waridi tupu. Akachavusha mwenyewe, na safari hii mkono haukutetemeka.

Wiki zikapita. Vifuko vikavimba, vikawa vya njano. Siku kilipopasuka cha kwanza, mama aliniita niache mashine. Ungo ulikuwa umetundikwa jikoni, mbali kabisa. Mama alifunga dirisha. Akafunga mlango. Akamfukuza na mwanawe chumbani, kwa sababu ana mafua.

Akakifungua kifuko juu ya kiganja. Mbegu nyeusi zikamwagika, zimejipanga kama kurasa. Kwa mkono wa pili aliziba pua na mdomo wake. Alivuka chumba hivyo hivyo, hatua ndogo ndogo, macho yamemtoka, hadi kwenye bakuli la maji.

Akaziteremsha. Zikaelea zote.

Ndipo mama akapumua.