Uzi Kwenye Dumu la Maji

Mashine ya boti ilizimika saa tano asubuhi, bahari ikiwa shwari kama uso wa mtu anayeficha jambo. Mama Pindo hakuitazama mashine. Alimtazama nahodha.

Nahodha alivuta kamba ya kuwashia mara moja, mara ya pili, mara ya kumi. Akafungua tangi la mafuta, akanusa, akafunga upesi.

"Kuna nini?" Mama Pindo akauliza.

"Mafuta yana uchafu kidogo, mama. Usiwe na wasiwasi."

Mtu akikuambia usiwe na wasiwasi kabla hujaanza kuwa nao, shika mkoba wako. Hilo Mama Pindo alilijua kwa miaka tisa ya ujane, akishona sare za shule na kukunja mapindo ya sketi za watoto wa watu, ndiyo maana mtaa mzima ukampa jina hilo. Safari hii alikuwa mgeni wa visiwa. Binti yake, aliyekuwa dobi katika hoteli ya kisiwa cha mbali, alikuwa amejifungua wiki iliyopita, naye alikuwa njiani kumwona mjukuu pamoja na wifi yake, dada wa marehemu mumewe.

Katika nyumba ya wageni walikolala usiku wa kuamkia safari, mhudumu wa mapokezi aliwapa karatasi yenye mhuri, ya ushauri kwa wasafiri, na Mama Pindo aliishika kama hati ya kiwanja. Usinywe maji ya chupa iliyokwisha kufunguliwa. Usipande boti isiyo na namba ubavuni. Vaa viatu ukikanyaga matumbawe. Chombo kikiharibika, usikiache. Nyuma yake palikuwa na jedwali la maji kupwa na kujaa. Yeye alinunua raba, akahesabu majaketi ya kuokolea, akaisoma namba ya boti kwa sauti.

"Wifi," mwenzake alicheka, "hata kupiga chafya utaitazama kwanza karatasi?"

"Cheka tu. Mgeni macho anayo, lakini haoni."

Sasa hakuna aliyecheka. Mkondo uliichukua boti taratibu hadi adhuhuri, ukaibwaga juu ya mwamba. Ubavu ukapasuka kwa mlio wa gunia linalochanwa. Maji yakaingia, simu zote zikalowa zikafa. Wakaruka, maji kiunoni, wakajikokota hadi kwenye fungu la mchanga lisilo na hata jani. Wifi mtu alikuwa na ndala; tumbawe lilimchana unyayo kuanzia kisigino hadi katikati.

Mama Pindo alichana upande wa shuka lake, akaufunga mguu kwa mkazo kama anayefunga mshipi wa gauni.

"Polepole, wee! Mimi si kitambaa."

"Kitambaa kingenyamaza."

Mkondo ulichukua majaketi; waliokoa kamba, kasia moja na dumu la maji la lita tano, limebaki nusu. Nahodha alilifukia mchangani upande wake ili lisipate jua. Upande wake! Jioni, kila mmoja alipokwisha kupata vifuniko viwili vya maji, Mama Pindo alitoa uzi mwekundu mkobani, akalizungushia dumu palepale usawa wa maji ulipoishia, akafunga fundo. Kisha akasali, akamwomba Mungu amsamehe ikiwa anamdhania mtu vibaya.

Usiku ule mwezi ulitoka mzima, mweupe, na maji yalipanda. Yalikula fungu pande zote mpaka likabaki la kutosha mikeka mitatu. Walisimama wameshikana mikono, wifi mtu akilia kimyakimya. Boti ikainuliwa, ikaenda zake.

Kulipopambazuka, Mama Pindo alilichukua dumu, akaliinua dhidi ya mwanga. Maji yalikuwa chini ya uzi. Vidole vinne kamili.

Akamwita nahodha, akamwonyesha. Nahodha alitazama uzi, akatazama fundo.

"Nilishikwa na kiu, mama."

"Sisi je, tulishikwa na nini?"

"Mwizi wa maji!" wifi mtu akafoka. "Tena mafuta ulijua ni machafu, nilikuona ukinusa! Sema!"

"Nilijua," nahodha akasema, macho chini. "Niliuziwa rahisi. Lakini nisikilizeni, jua halitungoji." Akanyoosha kasia kaskazini. Mbali, juu ya mstari wa miti, lilionekana tangi la maji jeupe lililosimama juu ya nguzo. "Pale kuna kituo cha hali ya hewa. Leo maji yatakupwa sana. Saa nne mgongo wa mwamba utatoka nje toka hapa mpaka kule, tutembee. Tukikawia, yatarudi. Na usiku wa leo yatapanda kuliko jana."

Wote watatu walilitazama fungu. Kuliko jana maana yake hakuna pa kusimama.

"Usimwamini," wifi mtu alinong'ona. "Ametuibia kinywaji, sasa anataka kututosa tusiende kumsema."

Mama Pindo alitoa karatasi yake, imelowa imekauka, ngumu kama chapati ya juzi. Akatafuta tarehe ya leo. Jedwali lilisema maji mafu: yatapungua kidogo tu, mwamba hautoki. Basi mwongo ni nahodha. Moyo wake ulitulia kidogo, kwa sababu dhana yake ilikuwa imepata shahidi.

Lakini jicho la fundi cherehani halipiti juu ya mshono mmoja tu. Kando ya tarehe paliandikwa siku: Jumanne. Na leo ilikuwa Alhamisi. Hilo hangeweza kulikosea. Alhamisi ilikuwa siku yake ya kufunga tangu azike mume, na alfajiri hii alikuwa amejiuliza kama kiu ya fungu inahesabiwa saumu. Akasoma tena, juu kabisa: mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Jana mwezi ulikuwa mzima. Jana maji yaliwabakizia mchanga wa mikeka mitatu.

"Hii ni ya mwaka juzi," akasema.

"Nini?"

"Karatasi. Yule dada wa mapokezi ametupatia jedwali la mwaka juzi." Ikamchoma kuliko jua. Mtu mwenye macho ya kujificha alikuwa amesema kweli, na karatasi yenye mhuri ilikuwa imesema uongo. "Wifi, simama. Tunakwenda."

"Na huyu mwizi?"

"Kwenye maji ni mwizi. Kwenye njia, tutaona hatua kwa hatua."

Akamfunga nahodha kamba kiunoni kwa mkono wake, ncha ya pili akajifunga yeye, na katikati akamweka wifi yake. "Ukianguka tutajua," alimwambia. "Ukikimbia tutajua vilevile." Dumu akalibeba mwenyewe.

Saa nne mwamba ulijitokeza, mweusi, unatoa povu. Nahodha alitangulia akichoma kila shimo kwa kasia. Miba ya baharini ilisongamana kwenye nyufa. Jua liliwapiga utosini, chumvi ikawakausha midomo ikapasuka. Wifi mtu aliruka kwa mguu mmoja, mkono begani kwa Mama Pindo, kila tone la damu likiacha doa juu ya jiwe. Kila nahodha alipogeuka kushoto, Mama Pindo aliangalia tangi jeupe kwanza ndipo akafuata.

Baada ya saa nzima mwamba ulikatika. Mbele yao palikuwa na mlango wa maji, upana wa madarasa mawili ya shule, mkondo ukipita kwa kasi.

"Tungoje," nahodha akasema. "Yakikaribia kugeuka yatasimama kidogo. Hapo ndipo tunavuka."

"Tungoje mpaka yajae?" wifi mtu akapiga kelele. "Anatuua huyu!"

Mama Pindo alikata kipande cha uzi kwa meno, akakitema majini. Kikaenda mbio. Akangoja, akatema kingine. Wifi yake alikuwa anatetemeka kwa homa; Mama Pindo akampa vifuniko vitatu vya maji, akampa nahodha kimoja, chake akaacha. Kipande cha sita kilielea, kikazunguka mahali pamoja.

"Ingia," akamwambia nahodha.

Akaogelea, kamba ikimfuata nyuma. Maji yakamfunika, akatokea, yakamfunika tena nyuma ya jiwe kubwa la ng'ambo, asionekane. Ghafla kamba ikalegea.

Mama Pindo aliivuta. Ilikuja nyepesi. *Kafungua*, akasema moyoni. *Kafungua, kaenda, katuacha.* Wifi mtu alisoma uso wake, akaanza kuomba dua ya mwisho.

Ndipo kamba ikakaza, ikatoka majini ikidondosha matone. Nahodha alitokea juu ya jiwe, mikono mitupu, kiuno kitupu, akawaonyesha kamba: alikuwa ameifunga kwenye jiwe kwa mafundo matatu.

"Mshike wifi yako mbele yako, mama! Msiiachie kamba!"

Waliingia. Maji yaliwafika kifuani, kisha kidevuni. Katikati mkondo uliamka, ukaanza kuwasukuma kutoka upande wa pili. Miguu ikaacha chini. Mama Pindo alimshika wifi yake kwa meno, nguo ya begani, mikono yake ikipanda juu ya kamba kiganja baada ya kiganja, ngozi ikibaki nyuma. Dumu likamponyoka. Mkono wa nahodha ukamshika kwapani, ukamvuta.

Mlinzi wa kituo cha hali ya hewa aliwakuta chini ya tangi, watu watatu wamelaza vichwa kwenye bomba moja.

Kesho yake, nyumbani kwa binti yake Mama Pindo, mguu wa wifi mtu umekwisha kushonwa, mjukuu amelala kwenye mapaja ya bibi yake mwenye viganja vilivyofungwa bandeji, ofisa wa bandari alikuja na daftari. Nahodha alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, leseni ya huyu iko mezani kwangu. Aliwahatarisha, au aliwaokoa?"

Mama Pindo alimtazama nahodha, na nahodha safari hii hakuinamisha macho.

"Andika alinunua mafuta machafu akijua. Andika alituibia maji, vidole vinne. Andika alifungua kamba nisipomwona, akaifunga mahali ambapo mimi nisingefika."

Ofisa akaandika, kisha akainua kalamu. "Sasa mama, hapo nimwekee neno gani? Mbaya au mzuri?"

"Mimi nimeshona vipande vyote, baba. Usiniombe nikate kimoja." Akamgeukia nahodha. "Na wewe ingia ndani, kaa pale ninapokuona. Mtoto anaamka, nataka mtu wa kunishikia chupa. Vidole vyangu havikunjiki."