Rimoti ya Marehemu

"Nyigu, mzigo umeingia jikoni."

Sauti ya Mkuu ilikwaruza kwenye redio ya sikioni. Jikoni, maana yake chumba cha upasuaji. Jasusi Nyigu alipanda ngazi za hospitali mbili mbili, bastola ya Glock kiunoni.

"Mgonjwa ni nani?"

"Mwalimu mstaafu, mama mtu mzima. Ameshalazwa usingizi. Wahi."

Nyigu alitema mate kwenye pipa la taka. Aliwahi kuwinda wauza silaha, lakini hawa wauza vifaa vya wafu walimtia kinyaa hasa. Walihonga mochwari wakaruhusiwa kuchukua betri zinazopandikizwa chini ya mtulinga, zile zinazopeleka umeme ubongoni kwa waya, kutuliza mtetemeko wa wagonjwa wa Parkinson. Walizichokonoa vifuani mwa maiti, wakazipangusa kwa spiriti, wakaziuza kama mpya. Sasa mama wa watu alikuwa karibu kushonewa uchafu wa mfu.

Baba yake Nyigu alikuwa na betri kama hiyo. Alilala mochwari hiyohiyo kabla ya kuzikwa. Rimoti yake, ya kupandisha na kushusha umeme, ilikuwa bado mfukoni mwa bintiye. Hakuwa na moyo wa kuitupa.

Teke moja. Mlango ukaachia.

"Daktari, weka kisu chini."

Daktari aliganda. Pembeni yake alisimama muuzaji wa vifaa, ananukia manukato, boksi mkononi. Akatabasamu. Alidai kitu kimetoka kiwandani, lakiri haijaguswa, dada aangalie mwenyewe.

Nyigu aliweka rimoti juu ya boksi, akabonyeza.

Tii.

Kioo cha rimoti kikawaka. Jina la baba yake. Chini yake, kipimo cha umeme ambacho mzee alikiita gia ya kubebea wajukuu. Mafisi hao walisafisha nje tu. Mashine ya kufuta kumbukumbu ya ndani hawakuwa nayo.

Muuzaji akachomoka. Nyigu akamtega mguu, jamaa akalamba sakafu. Pingu.

"Umemchokonoa baba yangu," alimwambia taratibu, "halafu ukajipulizia manukato."

Daktari aliweka kisu chini. Nyigu alimwamuru amwamshe mama salama, asubiri betri halali.

"Nyigu, ripoti," redio ikakoroma.

"Jiko limefungwa, Mkuu. Kielelezo ninacho."

Alitazama kioo tena. Imewashwa, kiliandika. Tangu mazishi betri ilikuwa ikifanya kazi, na haikuwa na wa kumtuliza.

Akabonyeza kitufe cha kuzima.

"Pumzika, baba."

Alinawa mikono kwa sabuni, akarudia, akashuka ngazi bila haraka, boksi kwapani.