Milioni Moja na Moja

Kila Jumatano baada ya masomo, wanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya Gisenyi walibaki na Mwalimu Rutagengwa kujifunza hisabati zaidi. Siku hiyo aliandika ubaoni 1,000,001.

"Isome kutoka kushoto au kulia, ni ileile," alisema. "Je, ni namba tasa? Kama ipo namba inayoigawanya bila baki, mbali na moja na yenyewe, mtaikuta kabla ya kufika elfu. Jaribuni namba tasa moja moja. Atakayemaliza ataiwasilisha kwenye mashindano ya shule kule Mahoko."

Jumatano iliyofuata, msichana aitwaye Cyiza alisema, "Nimefika tisini na saba, Mwalimu. Bado naendelea."

Jirani yake, Belise, alikuwa ameishia kumi na tatu. Hata hivyo alinyoosha mkono. "Mimi nimezimaliza zote, Mwalimu. Haigawanyiki. Ni tasa."

Darasa zima lilimpigia makofi. Cyiza akafunga daftari lake.

Tangu siku hiyo kila sifa ilimbana Belise. Nyumbani mama yake alicheka kwa furaha. "Mi nimeshaambia shangazi yako wa Rubona. Atakuja kukuona, mutoto wangu!" Belise akawa anawaza. Akisema kweli, aibu. Akinyamaza, waamuzi watauliza.

Siku mbili kabla ya mashindano alijifungia chumbani, akaanza kugawanya upya, akiomba namba hiyo iwe tasa kweli ili uongo wake usijulikane. Kumi na saba, baki. Kumi na tisa, baki. Alifika tisini na saba mkono ukimuuma. Kisha akajaribu mia moja na moja. Jibu: 9,901. Hapakuwa na baki. Akarudia mara tatu, jibu likawa lilelile.

Asubuhi alimngoja mwalimu mlangoni. "Mwalimu, ile namba si tasa. Mia moja na moja inaigawanya."

"Aa, ulikosea hesabu mahali?"

Ilitosha kujibu "ndiyo". Belise alitazama chini, machozi yakimlengalenga. "Hapana, Mwalimu. Sikujaribu. Niliishia kumi na tatu."

Mwalimu akamwita Cyiza. Cyiza aliposikia alishika kichwa. "Mia moja na moja? Ndiyo iliyofuata! Niliacha kwa sababu ulisema umemaliza."

"Nisamehe, Cyiza," Belise alisema.

"Nimekasirika," Cyiza akajibu. "Lakini nionyeshe ulivyogawanya."

Jumamosi Cyiza ndiye aliyesimama mbele ya waamuzi. Belise alikaa kando ya shangazi yake, ambaye sasa alijua yote. Walipotoka nje, Mwalimu Rutagengwa aliwaita wasichana wote wawili.

"Mimi pia nilikosea, niliamini bila kukagua," alisema. "Lakini sikiliza, Belise. Mtu akisema 'sijamaliza', mwingine anaweza kuendelea pale alipoishia. Ukisema umemaliza nawe hujamaliza, unatusimamisha sote."