Vifungo vya Sweta la Meshack

Asubuhi ile pua ya ndama aliyekufa ilikuwa mbichi.

Anastazia alidhani ni umande. Alipoigusa, vidole vikatoka na ute mzito unaonuka maziwa yaliyolala juani. Ndama mwenyewe alikufa wiki mbili nyuma. Hii ilikuwa ngozi yake tu, imekaushwa, ikajazwa majani makavu na kusimamishwa zizini, ili Madoa, mama yake, ailambe na kukubali kukamuliwa. Ndivyo wafugaji wa huko Chamwino wafanyavyo.

Anastazia hakuwa mfugaji. Alikuwa safarini kwenda Singida, basi likaharibika, na mwanawe Meshack, wa miezi saba, akashikwa na homa. Bibi Restuta, mjane mwenye ng'ombe wanne, akawachukua kwake, akawaachia kitanda, yeye akalala chini. Mtoto alipopona, Anastazia akabaki kusaidia kukamua na kuzoa samadi. Angeondokaje bila kulipa fadhila?

Madoa ndiye aliyemtia huruma. Kila siku alilamba ule uso usio na macho, akilia. Basi juzi Anastazia akakata vifungo viwili vyeusi kwenye sweta la Meshack, akavishona pale macho yalipokuwa.

Sasa Madoa alikuwa amejibana kwenye miba ya boma, anatetemeka, chuchu zimechubuka. Anastazia akachuchumaa, akakamua. Kikatoka kitu cha manjano kinachovutika kama kamasi, na ndani yake nywele, na katikati ya nywele funza wanajinyonganyonga. Nyuma yake akasikia mdomo ukinyonya hewa, na alipogeuka ngozi haikuwepo tena pale ilipokuwa, ilikuwa mlangoni mwa nyumba, imeinamia khanga aliyolalia Meshack, ute ukimdondokea mtoto kifuani, naye anacheka na kunyoosha mkono ayashike yale macho.

"Bibi! Bibi, njoo!"

Bibi Restuta akatoka, akamnyakua mtoto. Akanong'ona, "Nani kaipa macho hii?"

"Mimi, bibi. Nilimwonea huruma ng'ombe."

"Mjukuu wangu, ngozi haipewi macho. Ukiipa, kuna kitu kitakuja kuchungulia humo."

Jirani yao, mzee Bartolomayo, mganga, akafika na kisu na majivu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akaguna. "Huyu wetu kaja na cherehani."

Alipokata kifungo cha kwanza tumbo la ngozi likapasuka, na badala ya majani yakamwagika maziwa yaliyoganda, ya moto, yenye uvundo wa kidonda, hata mzee mwenyewe akatapika. Kwenye jicho la pili alikuta uzi tu, umelowa, umetafunwa. Wakaichoma ngozi mpaka ikawa majivu.

"Na kifungo kile kingine, babu?"

"Kimeungua humo, mama. Nyonyesha mtoto."

Bibi Restuta akamwekea kigoda kivulini, akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake. Anastazia akampakata Meshack, akampa ziwa. Hakunyonya. Alianza kumlamba taratibu, kutoka kwenye ziwa hadi shingoni, kwa ulimi unaokwaruza kama msasa.

Anastazia akamfungua kinywa kwa kidole. Kule ndani, nyuma ya ulimi, kifungo cheusi kilikuwa kinamtazama. Kikapepesa.