Mama wa Ghorofa ya Thelathini

Harufu ya dawa ya kuchua iliwatangulia chumbani. Muuza bima alifungua mlango wa chumba cha mama yake, ghorofa ya thelathini, na harufu ile ya magoti ya mama ikampokea, ilhali mama mwenyewe alikuwa bado nyuma yake, anahangaika na kandambili kwenye zulia nene. Chupa ya dawa ilikuwa mkobani, haijafunguliwa tangu nyumbani.

"Mama, mbona kama ulishaingia humu?"

Mama alipita, akaweka mkoba kitandani. Tangu watoke kwenye lifti hakuwa amesema neno.

Na angesema nini? Kampuni iliwaalika wauzaji wake hodari walale kwenye hoteli ya kifahari, kila mmoja na mtu wake wa karibu, naye akamleta mama aliyemsomesha kwa kufua nguo za watu. Mle kwenye lifti bosi alimkagua mama, kuanzia kandambili hadi chupa ya chai kwapani, akauliza huyu nani. Ningesema ulimi wa muuza bima uliteleza, lakini haukuteleza. Ulijua unakokwenda.

"Ni mama anayenisaidia kazi za nyumbani, bosi. Nimeona naye apumzike kidogo."

Bosi akamsifu kwa moyo wake mzuri. Mama akainamisha kichwa. "Ndiyo, bosi. Kijana ana utu."

Muuza bima alitamani sakafu ya lifti ipasuke. Hapo ndipo alipomwona kijana mrefu wa suti nyeusi kwenye kona, ambaye hakuingia nao na ambaye kioo cha lifti hakikumwonyesha. Kijana aliinama, akamnong'oneza sikioni: "Kumbe huyu mama hana mwenyewe."

Jioni, akiwa chumba cha jirani, muuza bima alisikia mama akicheka upande wa pili wa ukuta. Tena, kwenye vigae vya bafu, kitu kikitembea ko, ko, ko, kama mbuzi. Kisha sauti laini: "Mama, leta magoti nikuchue."

Alitoka mbio akagonga. Mama alifungua kidogo tu.

"Nani yumo humo?" muuza bima alinong'ona.

"Kijana mmoja mpole."

"Mama, huyo si mtu. Toka, twende nyumbani."

"Ananiita mama," alisema mama taratibu. "Hata mbele za watu."

Alitaka kumshika mkono amvute, amwombe radhi palepale kwenye zulia, lakini bosi na wenzake walikuwa wanakuja koridoni kwenda kula, wanacheka, viatu vinang'aa, na yeye, mtoto aliyebebwa mgongoni na huyu mama, alijikuta ananyoosha tai yake na kurudi nyuma hatua moja na kusema kwa sauti ya mtu anayemuaga mfanyakazi, "Haya, pumzika." Aibu ilimchoma mpaka masikioni. Mlango ukafungwa na mkono usiokuwa wa mama.

Asubuhi mama aliingia kwenye ukumbi wa chai bila kuchechemea, kashikwa mkono na yule kijana. Walisimama mbele ya meza ya bosi, ambako muuza bima naye alikuwa ameketi. Kijana alimtazama muuza bima kwa adabu zote.

"Haya, mdai mama yako sasa. Kwa sauti."

"Huyu ni mama yangu," alisema muuza bima, lakini chinichini.

"Unasemaje?" aliuliza bosi.

Alisimama, kikombe kikaanguka. "Huyu ni mama yangu. Mama yangu mzazi. Jana nilidanganya kwa sababu nilimwonea aibu."

Kijana akauachia mkono wa mama. Muuza bima alianza kulia, akanyoosha mikono yake miwili.

Mama alimtazama kwa heshima, kama anavyotazamwa mtu mgeni mwenye cheo.

"Samahani, bosi," alisema. "Umenifananisha. Mimi ni wa kazi za nyumbani tu."

Akageuka, akamshika tena yule kijana mkono, wakaelekea kwenye lifti. Hatua zake nazo sasa zililia kwenye vigae, ko, ko, ko. Muuza bima alikimbia akiita mama, mama, akafika milango inafungwa. Walikuwa wamesimama wawili mle ndani, na kioo nyuma yao hakikumwonyesha hata mmoja wao.