Mazoezi ya Baba

Kila alipotoka shule, Kidoti alivua sare, akala kilichobaki jikoni, kisha akaenda barazani kumsaidia baba yake, fundi cherehani. Alifagia vipande vya vitambaa na kumtungia uzi kwenye sindano, maana mikono ya baba ilitetemeka.

Pombe ndiyo iliyomfikisha hapo. Alikunywa miaka nenda miaka rudi, mpaka mama akamkokota hospitali. Daktari alimpa vidonge vya kupunguza hamu ya pombe, na mshauri, mama mmoja mpole, akamwekea mazoezi kwenye simu. Ikitokea picha ya chupa ya pombe, aisukume mbali kwa kidole. Ikiwa ya maji au chai, aivute karibu.

"Vidonge na mazoezi vinakwenda pamoja," mshauri alisisitiza. "Na uyafanye mwenyewe."

Vidonge baba alivimeza. Mazoezi yalimchosha.

"Mwanangu, hebu nifanyie," alisema jioni moja. "Mambo haya ya kitoto yananitia kizunguzungu."

Kidoti alikuwa mwepesi wa vidole. Tangu siku hiyo kazi ikawa yake. Mshauri alipoona matokeo, alimpigia mama simu kumpongeza. Mama alicheka, kicheko kilichokuwa kimesahaulika nyumbani mle. Kidoti alitaka kusema ukweli, akaacha. Angewezaje kukizima kicheko kile?

Wakati huo baba alikuwa akimshonea dada mkubwa gauni la harusi. Dada alikataa katakata la dukani. "Nitavaa la baba yangu," aliwaambia mashoga zake kwa majivuno.

Harusi ilipokaribia, mteja mmoja alikuja kuchukua suruali, chupa mkononi. "Fundi, onja tu kidogo." Mkono wa baba ukaenda wenyewe.

Kidoti aliporudi kutoka shule alipokewa na harufu ya kuungua. Baba alikuwa amelala juu ya cherehani, na pasi ya moto imekaa juu ya gauni jeupe.

Dada alifika, akaona yaliyotokea. Alilikunja gauni, akaenda kuazima jingine. Siku ya harusi alisindikizwa na mjomba. Baba alikaa viti vya nyuma, peke yake.

Hospitalini mama alimwakia mshauri. "Mlisema anaendelea vizuri! Dawa zenu hazifai kitu!"

Machozi yalimtoka Kidoti. "Si dawa, mama. Mazoezi nilikuwa nafanya mimi."

Baba aliinamisha kichwa. "Nilimtuma mimi. Msimlaumu mtoto."

Akaanza upya, safari hii mwenyewe, mama kando yake. Alikosea, akasonya, akarudia. Miezi ilipita, mikono ikatulia, naye akawa anapita mbele ya kilabu cha pombe bila kugeuza shingo. Lakini dada hakukanyaga nyumbani.

"Baba amepata nafuu," Kidoti alimwambia mshauri. "Mbona dada haji?"

Mshauri alimshika bega. "Dada yako ana jeraha lake, mwanangu, na hilo sina kidonge chake. Dawa ilimpunguzia baba hamu, lakini akili yake ilihitaji kujifunza kukataa. Wewe ulimfanyia somo, naye akabaki hajui. Siku nyingine mgonjwa akikuomba umfichie jambo, hata awe mzazi wako, kataa kwa adabu, useme ukweli mapema. Ulipousema, ulimwokoa baba yako. Lakini gauni lilikuwa limeshaungua."